Hesabu Iliyoishia Sita

Naipenda nchi yangu, na naomba hilo lieleweke kabla sijafika mbali. Jina lake sitalitaja. Tuna sheria inayosema jina la nchi litatamkwa na waliovaa tai tu, na shingo yangu mimi haijawahi kuvaa kitu zaidi ya taulo. Kazi yangu ni ya kona. Bondia akirudi kukaa nampa maji, namfuta jasho, namdanganya kwamba mwenzake amechoka kuliko yeye. Naitwa Songoro, na bondia wangu ni Kibwana Ndauka, mtu wa uzani wa juu, mwenye mkono wa kulia ambao hata akikupa wa salamu unajuta.

Wewe msomaji unayetoka nchi ambako majaji wa ngumi hutazama ngumi, inabidi nikueleze kwanza adabu za kwetu, la sivyo utadhani sisi ni wendawazimu.

Kwetu hakuna kosa kubwa kama kumpa mgongo Mgeni Rasmi. Mwanao anaweza kuiba ng'ombe wa jirani na bado akapata kazi serikalini, lakini akimpa mgongo Mgeni Rasmi, ukoo mzima umekwisha. Zamani kulikuwa na jaji mmoja aliyegeuka kidogo tu kuangalia konde la mwisho la pambano. Alihamishiwa kituo cha jangwani kwenda kupima upepo, na upepo ulipovuma kutoka upande wa Ikulu aliambiwa asiupime. Tangu hapo viti vya majaji vimepigiliwa misumari vikitazama jukwaa kuu. Ulingo uko nyuma yao.

Wanaamuaje sasa? Kwa masikio. Mtangazaji Mkuu wa Taifa, Bwana Anselmi Tarimbo, hutangaza pambano kwa kipaza sauti, na majaji husikiliza na kuandika alama. Naye Bwana Tarimbo, kwa kuwa ana adabu kuliko raia wote, kiti chake pia kinatazama jukwaa kuu. Yeye hutangaza kwa kumsoma Mgeni Rasmi usoni. Mgeni Rasmi akitabasamu, bingwa amepiga. Akikunja uso, bingwa amekwepa. Akipiga makofi, mpinzani amekwenda chini. Ni utaratibu mzuri sana. Umetupa mabingwa wasioshindwa, na nasikia nchi jirani zimetuma wajumbe waje kujifunza.

Bingwa wetu wa wakati huo alikuwa Tindwa Mapande, ambaye wizara ilimbatiza jina la Nguzo ya Taifa. Tindwa na Kibwana walikulia klabu moja ya ngumi, nyuma ya machinjio, wakivaa kwa zamu jozi moja ya glavu iliyonuka utumbo. Tindwa alipomwoa Sikudhani, Kibwana ndiye aliyebeba kitanda cha maharusi kichwani kutoka kwa seremala. Kwa hiyo pambano lao la mkanda wa taifa lilipotangazwa, walikutana kwanza nyumbani kwa Tindwa, wakala wali kwenye sinia moja, nami nikiwepo.

"Mwenzangu," Kibwana akamwambia, "mimi ule mkanda nautaka. Nitakupiga kweli."

"Nipige," Tindwa akasema. "Tena vizuri. Nimechoka kuwa nguzo. Watu wananiegemea mpaka nikiwa msalani."

Sikudhani akacheka akiwa jikoni. "Shemeji, mpige, lakini umrudishe anatembea. Mbuzi hawajapata banda bado, na amekula kiapo atalijenga mwezi huu."

Siku ya pambano uwanja ulijaa mpaka kwenye nguzo za taa. Waziri wa Michezo, Shangwe na Utulivu alifungua kwa hotuba.

"Ndugu wananchi," alisema, "nguzo ikianguka, paa litakaa wapi? Kwa hiyo serikali, baada ya kushauriana na yenyewe kwa kina, imeamua kwamba pambano hili litakuwa la haki, na Nguzo atashinda. Anayetaka haki zaidi ya hiyo aende akaitafute huko inakotengenezwa."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana nilikuwa nimesimama karibu na askari.

Kengele ikalia, na kuanzia raundi ya kwanza Kibwana akawa anatwanga. Nimefanya kazi ya kona maisha yangu yote, sijaona mtu akitwanga namna ile. Uwanja mzima uliona. Lakini Mgeni Rasmi alikuwa anasimuliwa kichekesho na Waziri, anatabasamu, na spika zikawa zinatwambia mambo mengine kabisa.

"Nguzo anapiga," alisema Bwana Tarimbo kwa sauti yake ile nene ambayo wajawazito wa nchi yetu hutakiwa kuisikiliza kila asubuhi. "Nguzo anapiga tena. Ndauka sasa anazishambulia ngumi za Nguzo kwa kutumia uso wake, lakini ngumi za Nguzo ziko imara."

Majaji wakaandika. Niliwaona migongo, imenyooka, imevaa makoti ya buluu. Kalamu zilikuwa zinakimbia.

Raundi ya nne Mgeni Rasmi akalala. Simlaumu, alikuwa ametoka kula pilau la wageni, na jua lilikuwa kali. Kidevu kikazama kwenye kifua. Bwana Tarimbo akabaki hana cha kusoma. "Pambano limetulia," akasema baada ya kukohoa. "Mabondia wanatafakari mustakabali." Wakati huo Tindwa alikuwa amebanwa kwenye kamba, damu inamtoka puani, anatafakari kweli.

Raundi ya tano ndiyo iliyotuletea balaa. Kibwana alitupa mkono wa kulia, ukamkuta Tindwa nyuma ya sikio. Tindwa akazunguka, akaenda chini mzima mzima, na kichogo kikagonga mbao za ulingo. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye lango la tiketi. Mgeni Rasmi akashtuka usingizini, na kama afanyavyo kiongozi yeyote anayeamka mbele za watu, akapiga makofi.

"Konde!" Bwana Tarimbo akapaza sauti, furaha imemrudia. "Nguzo ameachia konde ambalo halijapata kuonekana. Ndauka yuko chini. Taya la Ndauka limevunjika. Ndauka hajitambui."

Ndauka alikuwa amesimama kwenye kona yangu, anakunywa maji.

Refa, ambaye kwetu hutembea ulingoni upande upande kama kaa ili mgongo wake usielekee jukwaa kuu, alikuwa ameshaanza kumhesabia Tindwa. Alifika sita. Aliposikia spika, mdomo ukabaki wazi na ile saba ikamnasa kooni. Akamtazama aliyelala, akamtazama aliyesimama, akatazama jukwaa kuu. Kisha akainama mpaka chini, akaukamata mkono wa Tindwa pale pale sakafuni, akauinua juu. Ulikuwa mkono uliolegea, ukawa unamtoka na yeye anaukamata upya.

"Mshindi," alitangaza Bwana Tarimbo, "kwa kumwangusha mpinzani. Na sasa bingwa anajipumzisha sakafuni kwa mbinu."

Watu wakapiga kelele kwamba siyo, siyo, tumeona. Askari wakawauliza kwa upole wameona nini, na walikuwa wanatazama wapi walipokiona. Kelele zikapungua.

Halafu wakaja askari wawili kwenye kona yangu na machela.

"Ndugu Ndauka," mmoja akasema, "tafadhali lala."

"Nilale kwa ngumi ya nani?"

"Hayo sisi hatuyajui, kaka. Tumeambiwa hujitambui. Usitufanye tuonekane waongo."

"Songoro," Kibwana akanigeukia, "waambie hawa."

Mimi nikamwambia alale. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Nilidhani tutafika nje, watatuachia, tutakwenda kunywa chai. Akalala kwenye machela amekunja mikono, anayatazama mawingu, na uwanja mzima ukaona mtu mzima anabebwa.

Hawakutuachia. Kule hospitali Daktari Pendaeli alimpiga Kibwana picha ya taya, akaiweka kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Taya ni zima," akasema.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Hapana, ni tatizo," akasema daktari. "Redio imesema limevunjika. Picha hii ina kasoro." Na akaagiza waya. Nilimshika mkono, nikamwambia daktari, mtu huyu anaongea, anakula, msikilize. Akaniambia kwa huzuni ya kweli kwamba ana watoto watatu shuleni na nyumba ya serikali. Wakalifunga taya zima la Kibwana Ndauka kwa waya, juu na chini, akawa anatolea pumzi kwenye meno.

Asubuhi yake Sikudhani akafika, amemkokota Tindwa. Tindwa alikuwa anatembea, kweli, lakini alikuwa anakanyaga kama mtu aliye kwenye ngazi asiyoiona. Jicho moja mboni imepanuka. Alikuwa ametapika njia nzima, na alimwita mkewe kwa jina la mama yake.

"Mtazameni huyu," Sikudhani akamwambia mtu wa mapokezi. "Kichwa kinamuuma, anaongea maneno hayaeleweki."

"Hongera sana mama," yule akasema. "Bingwa wetu. Lakini mshindi hatibiwi. Kila pambano lina kitanda kimoja, cha aliyeshindwa, na aliyeshindwa yumo ndani amelala."

"Aliyemo ndani ni mzima! Huyu ndiye aliyepigwa."

Mtu wa mapokezi akatazama kulia na kushoto. "Mama, mimi naomba nisikie kwamba hukusema hilo."

Sikudhani aliingia wodini kwa nguvu. Kibwana alipomwona Tindwa mlangoni aliruka kitandani, akaenda akamshika kichwa kwa mikono miwili, akatazama lile jicho. Kisha akaanza kulia. Alikuwa anajua alipompigia, alikuwa anajua kwa uzito gani. Akamvuta Tindwa akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe na kumfunika shuka, na wauguzi wakaja wakamtoa, kwa sababu kitanda kilikuwa na jina la mtu mwingine.

Daktari alimvuta Sikudhani pembeni, akamnong'oneza kwamba huenda damu imevia ndani ya kichwa, kwamba kichwa kinafunguliwa, damu inatolewa, mtu anapona. Lakini ifanyike upesi. "Nahitaji neno moja tu hewani," alisema. "Bwana Tarimbo aseme kwamba Nguzo aliguswa. Aseme aliguswa kidogo. Akisema tu, nampeleka chumba cha upasuaji dakika hiyo hiyo."

Basi tukaenda kwa Bwana Tarimbo, Sikudhani na mimi. Alitupokea vizuri. Ana ofisi yenye zulia na picha yake anayotazama mwenyewe. Alimsikiliza Sikudhani mpaka mwisho, akatikisa kichwa pale panapostahili.

"Mama," akasema, "nakuonea huruma. Lakini sijapata kusema neno nikalirudisha. Tangu nianze kazi hii nimetangaza mavuno, nimetangaza uchaguzi, nimetangaza kwamba daraja la mto limekamilika. Nikirudisha neno moja kuhusu ngumi, kesho watu wataniuliza daraja liko wapi."

"Mume wangu atakufa."

"Hilo sijalitangaza," akasema Bwana Tarimbo.

Nataka niwe mpole hapa, maana nimeahidi kuipenda nchi yangu. Lakini nilimtazama yule mtu, ameketi, vidole vimenona, kikombe cha chai mkononi, nikaona mkono wangu unanyanyuka wenyewe. Sikudhani ndiye aliyenishika. Alisema tusipoteze muda, bado kuna Kamati ya Rufaa.

Kamati ya Rufaa hukaa ukumbini, viti vyote vikitazama picha ya Mgeni Rasmi. Mwenyekiti wake ni mzee mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutosomea. Ushahidi wa kwanza ulikuwa kanda ya matangazo. Wakaipiga yote. Majaji watatu wakaitwa.

"Mna hakika na uamuzi wenu?"

"Mheshimiwa, nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe," akasema wa kwanza.

"Na mimi nilisikia hivyo hivyo," akasema wa pili. Wa tatu akasema yeye alisikia vizuri zaidi, kwa kuwa alikaa jirani na spika.

Sikudhani akasimama. "Mimi niliona. Mume wangu alipigwa nyuma ya sikio, akaanguka, kichwa kikagonga mbao."

Mwenyekiti akavaa miwani ya pili. "Uliona. Ulikuwa unatazama wapi?"

"Ulingoni."

"Kwa hiyo Mgeni Rasmi alikuwa upande gani wako?"

Sikudhani alielewa swali linakompeleka, na alijibu hivyo hivyo. "Nyuma yangu. Nilimpa mgongo. Watu wote tulimpa mgongo, ndiyo maana tuliona."

Karani akaandika kwamba shahidi amekiri kosa. Nikamgeukia mwenzangu wa jirani nimwombe naye asimame, akawa anatafuta kitu chini ya kiti. Wote walikuwa wanatafuta vitu chini ya viti. Sikusimama mimi pia, na kama unataka kunicheka nicheke.

Mwisho wakamleta Kibwana. Alijaribu kusema, ikatoka sauti kama ya mtu aliyezibwa na mto. Akaona haifai. Basi akafanya lile aliloweza: akakunja ngumi ya kulia, akaipeleka polepole nyuma ya sikio lake mwenyewe, akagonga hapo. Akagonga tena. Machozi yanamchuruzika mpaka kwenye waya. Alikuwa anawaambia ni hapa, fungueni hapa, mtoeni damu ndugu yangu.

Mwenyekiti akamtazama kwa makini. "Kamati inamshukuru shahidi," akasema, "kwa kutuonyesha mahali alipopigwa. Rufaa imetupwa."

Kesho yake kulikuwa na maandamano ya ushindi. Wizara ilimchukua Tindwa nyumbani kwake, ikampandisha lori lililopambwa kwa makuti na vitambaa, ikamfunga mkanda wa taifa kiunoni, na mwingine wa ngozi kifuani usioonekana, wa kumshikilia kwenye kiti. Sikudhani alikimbia kando ya lori tangu machinjioni mpaka barabara kuu akigonga ubavu wa gari. Bwana Tarimbo alikuwa juu, na kipaza sauti.

"Nguzo anawapungia," alisema, mkono wa Tindwa ukiyumba lori linapopita kwenye mashimo. "Nguzo anafumba macho kwa furaha."

Tindwa alikufa mahali fulani kati ya posta na sokoni. Hakuna ajuaye ni wapi hasa, kwa kuwa lori halikusimama. Lilimaliza mzunguko wote.

Mpaka hapa nimejitahidi kusimulia kwa utulivu, kama wizara inavyopenda. Sasa nasema wazi nina hasira. Mtu huyu alikuwa wa kuponywa. Kitanda kilikuwepo, daktari alikuwepo, kisu kilikuwepo. Alikufa kwa sababu mtu mmoja alilala, akaamka, akapiga makofi, na watu wote wenye kalamu wakaona ni afadhali afe Tindwa kuliko makofi yale yawe na makosa. Watu wa kwao walitaka kumzika siku hiyo hiyo. Serikali ikakataa, ikasema nguzo haizikwi harakaharaka. Ikatangaza chanzo cha kifo ni furaha iliyozidi kiwango.

Jeneza likawekwa katikati ya ulingo ule ule. Majaji kwenye viti vyao, migongo. Safari hii hata viti vya watazamaji vilikuwa vimegeuzwa kutazama jukwaa kuu. Refa na kitambaa cheusi mkononi. Waziri akasema taifa halijapoteza nguzo, limepata mnara. Mgeni Rasmi alikuwa jukwaani, jua kali, kidevu kinaanza kuzama. Kibwana nilimshika mkono upande wa kona yetu, bado ana waya.

"Leo hatuombolezi," alisema Bwana Tarimbo kwenye spika. "Bingwa hajaanguka. Amelala kwa mbinu."

Hapo ndipo Sikudhani alipopanda ulingoni. Askari walidhani amekwenda kuaga, wakampisha. Alipiga magoti kando ya jeneza, akitazama huko huko kwenye jeneza, mgongo wote ukiwa kwa Mgeni Rasmi, akainua kiganja na kukipiga kwenye mbao za ulingo.

"Moja," akasema.

Hakulia. Alisema kama refa, kwa sauti ya kazi. Akapiga tena. "Mbili."

Tatu niliisema mimi. Sijui ilitokaje, nilikuwa sijapanga. Nne ilisemwa na upande wetu wote wa uwanja. Nikasikia viti vinaburuzwa, nikatazama, na nikaona watu wanageuka. Walikuwa wanageuka na viti vyao, mstari kwa mstari, kuelekea ulingoni. Jaji wa tatu alikuwa anang'ang'ana na kiti chake, misumari inalia. Tano. Kibwana alikuwa anahesabu kwenye meno, anatoa sauti tu, na damu kidogo kwenye waya.

"Wananchi wanaimba kwa furaha," alisema Bwana Tarimbo, kisha akatazama jukwaa kuu apate la kuendelea, na Mgeni Rasmi alikuwa amelala.

"Sita," tukasema.

Kelele za viti zikamwamsha Mgeni Rasmi, akashtuka, akapiga makofi. Alipiga kwa muda mrefu sana, na hakuna aliyemwona, maana sote tulikuwa tumempa mgongo. Spika zikakatika. Sikudhani alikuwa ameinua kiganja juu, anatusubiri. Kikashuka, na uwanja mzima ukasema saba.